Gemu isiyo na kipenga cha mwisho

Huenda unamjua kijana huyu. Yuko kidato cha tatu na anaishi na mamake katika mojawapo ya nyumba za ghorofa za mtaa wa Umoja. Ni saa saba za usiku, majirani wamezima taa, lakini mwanga wa samawati ungali unachezacheza kwenye pazia la sebuleni. Mama anaamka kwenda msalani na kumkuta amejikunyata mbele ya runinga, padi mkononi.

"Wewe hulali?"

"Mama, dakika tano tu. Sijafika pa kuseivu."

Mama anarudi kitandani. Saa tisa anaamka tena na mwanga uko vilevile. Safari hii hasemi neno. Anakwenda moja kwa moja ukutani na kuchomoa waya. Kijana anapiga ukelele kana kwamba amemwagiwa maji moto. Asubuhi hawasemezani. Mmoja anakwenda shule akiwa na macho mekundu, naye mwenzake anakwenda kazini akijiuliza kama mwanawe ameanza kuvuta bangi.

Bangi haimo katika kisa hiki. Kilichomo ni hadithi, na hadithi tamu mno. Juma hili tutaeleza kwa nini michezo ya video yenye hadithi ndefu humnata mchezaji kuliko ile mingine, yanayoupata mwili wake akikesha nayo, na namna ya kutambua pale shauku ya kawaida inapogeuka kuwa ugonjwa. Aidha, tutaona kwamba lile neno la kijana, "sijafika pa kuseivu", halikuwa uongo.

Si kandanda hii

Ukitembea Kayole, Dandora au Kariobangi jioni utavikuta vibanda vya gemu, na mara nyingi kinachochezwa humo ni kandanda. Mchezaji hulipia mechi au saa, wenzake wakiwa wamesimama nyuma yake wakimkemea kwa kupoteza pasi. Mechi ikiisha kipenga hulia, aliyeshindwa huinuka, na anayefuata kwenye foleni huketi. Twaweza kuvilaumu vibanda hivyo kwa mengi, hasa watoto wanapokimbilia huko saa za masomo, lakini angalau vina kipenga, vina foleni, na vina mwenyewe anayetaka kufunga aende nyumbani.

Gemu tunayoizungumzia leo ni ya aina nyingine. Ndani yake mchezaji huwa mtu: shujaa, mwindaji wa mazimwi, mwana wa mfalme aliyenyang'anywa kiti. Huzunguka nchi ya kubuni yenye miji, misitu na wachawi. Hukutana na watu wenye shida zao, huchagua amsaidie nani na amwache nani, na uamuzi wake wa leo waweza kumrudia saa ishirini baadaye. Mwaka wa 1997 ilitoka Final Fantasy VII kutoka Japani, ikiwa ndefu hata ikajaza diski tatu za PlayStation. Baadaye zikaja Skyrim mwaka wa 2011 na The Witcher 3 mwaka wa 2015, hii ya mwisho ikiwa imetengenezwa Polandi kutokana na vitabu vya mwandishi Andrzej Sapkowski. Afrika nayo haikubaki nyuma. Mwaka wa 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion, hadithi ya mwana wa mfalme anayepinduliwa na shemeji yake siku ya kutawazwa.

The Witcher 3 peke yake huweza kumchukua mtu saa 50 kufuata hadithi kuu tu, na zaidi ya saa 100 akiamua kuingia kila kijiji. Si gemu ya kibandani basi, kwani nani atalipia saa 100? Huchezwa nyumbani, kwenye mashine iliyonunuliwa kuukuu au kompyuta ya kaka aliye chuoni. Huchezwa usiku, wakati runinga haina mwingine anayeitaka. Hapo hakuna foleni wala mwenye kibanda. Kwa vijana wengine kipenga pekee ni stima kupotea.

Tena katika gemu nyingi za aina hii, hasa zile za zamani, mchezaji hawezi kuhifadhi safari yake popote apendapo. Ni lazima afike mahali maalumu palipowekwa na watengenezaji. Katika enzi za PlayStation ya kwanza safari hiyo ilihifadhiwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na wapo wanaume wazima leo hapa Eastlands waliotembea na kadi hiyo mfukoni kama kipande cha kitambulisho. Mama alipochomoa waya alifuta labda saa mbili za kazi. Kwake ilikuwa ni picha zimezimika tu, ilhali kwa kijana ilikuwa kama kuchaniwa daftari.

Kinachomshika

Wazee wetu waliijua nguvu ya hadithi iliyokatwa katikati. Katika Alfu Lela Ulela, Shahrazadi aliokoa shingo yake kwa kumwachia mfalme hadithi isiyokwisha kila kulipopambazuka. Nao waliokuwa na umri wa kukumbuka miaka ya 1990 wanajua jinsi watu walivyokusanyika kwa jirani mwenye runinga kutazama mchezo wa Tausi katika KBC. Tofauti ni kwamba Tausi ilikwisha, na ukangoja juma zima upende usipende. Bibi naye, akisimulia kando ya jiko, alisinzia. Gemu haisinzii.

Mwaka wa 1928 mtafiti aitwaye Maria Ovsiankina alichapisha huko Ujerumani matokeo ya jaribio rahisi. Aliwapa watu kazi ndogondogo kisha akawakatiza kabla hawajamaliza. Walipoachwa wenyewe, wengi waliirudia kazi ile na kuimaliza ingawa hapakuwa na malipo wala amri. Sasa tazama gemu ya hadithi: wakati wowote kuna kazi tano au sita ambazo hazijakwisha. Ukimaliza kumtafutia mhunzi nyundo yake, anakuonyesha njia ya pango. Ukitoka pangoni una barua ya mtu aliyepotea. Hakuna mahali ambapo kila kitu kimefungwa ukaweza kusema, sasa nalala.

Kisha kuna ubongo wenyewe. Mwaka wa 1998 watafiti wa London waliwapiga picha za ubongo wanaume 8 waliokuwa wakicheza gemu ya kuendesha kifaru cha vita ili wapate pesa, wakaona kwamba ubongo ulikuwa ukitoa kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hii huhusika na hamu, yaani ile nguvu inayomsukuma mtu kutafuta tuzo. Wapo waliosikia habari hiyo wakatangaza kwamba gemu ni sawa na kokeini. La hasha. Dopamini hutoka pia mtu akila chakula kizuri au akisifiwa. Jaribio lile linatuonyesha tu kwamba raha anayoisema mwanao ni ya kweli, na kwamba kumwambia "hicho si kitu" hakutamshawishi.

Kuna jambo la tatu ambalo madaktari hawalitaji sana, nalo ni mapenzi. Mchezaji aliyesafiri saa 40 na wahusika fulani huwapenda, na mmoja wao akifa kijana huweza kulia machozi halisi. Binafsi sioni ubaya hapo. Mtu anayeweza kumlilia mhusika wa kubuni ana moyo. Hata Kiingereza cha baadhi ya vijana wetu kimenyooka kwa kusoma mazungumzo marefu ya gemu hizi, ingawa walimu wasingependa kusikia hivyo.

Deni la usingizi

Madhara makubwa hayatoki kwenye mazimwi, bali kwenye saa. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilipendekeza mwaka wa 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kila siku, na watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12.

Hebu tupige hesabu ya Umoja. Kijana wa shule ya kutwa anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili aiwahi matatu anapaswa kuwa amelala saa tatu usiku ndipo apate saa 8. Huyu wetu amelala saa tisa, akapata saa 2. Akifanya hivyo siku tano za shule atakuwa amelala saa 10 badala ya 40. Deni hilo la saa 30 halilipiki Jumamosi moja, hata akilala hadi adhuhuri, na huko kulala hadi adhuhuri ndiko kunakomfanya akose usingizi Jumapili usiku, mzunguko ukaanza upya.

Usingizi si uvivu wa mwili. Ndio wakati ubongo unapopanga na kuyakita yale uliyosoma mchana, na ndio wakati homoni ya kukua hutolewa kwa wingi. Kijana anayekesha huketi darasani asisikie, husahau alichosoma jana, hukasirika upesi, hula ovyo. Mzazi huiona hasira akadhani ni gemu imemfundisha ukatili, kumbe mtoto ana usingizi. Mwanga wa skrini nao una sehemu yake, kwani mwanga mkali machoni usiku huuchelewesha ubongo kutoa melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba kumekucha giza na ni wakati wa kulala. Hata hivyo, mwanga ni mdogo ukilinganisha na msisimko. Aliyetoka kupigana na zimwi dakika tatu zilizopita moyo wake unadunda bado, hata ukimzimia kila taa.

Macho huchoka kwa sababu nyepesi. Kwa kawaida mtu hupepesa karibu mara 15 kwa dakika, lakini akikazia skrini hupungua sana, macho yakakauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20 inafaa aangalie kitu kilicho mbali kwa sekunde 20. Watoto wanaokaa nje mchana hupunguza hatari ya macho yao kuwa ya kuona karibu tu, kwa hiyo saa moja au mbili za mpira pale Camp Toyoyo, Jericho, au hata kwenye uwazi kati ya ploti, ni dawa isiyouzwa. Vidole gumba na viganja vikiuma, ni kano zimechoshwa na padi. Tiba ni kupumzika siku kadhaa, na maumivu yasipokwisha, zahanati.

La kifafa linahitaji maneno machache zaidi. Wapo watu wachache ambao mimweko ya mwanga huwaletea degedege. Desemba 16, 1997, watoto zaidi ya 600 nchini Japani walipelekwa hospitalini baada ya kutazama kipindi cha katuni za Pokémon kilichokuwa na mimweko mikali ya rangi nyekundu na samawati. Kukesha huongeza hatari hiyo kwa mwenye kifafa. Mchezaji akianguka na kutetemeka, ondoa vitu vigumu karibu naye, mlaze ubavu, na usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Povu lake haliambukizi. Tetemeko likizidi dakika tano, au likirudi kabla hajapata fahamu, mkimbize hospitalini.

Shauku au ugonjwa?

Shirika la Afya Duniani lilipitisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa mwezi Mei 2019, nalo likaanza kutumika Januari 1, 2022. Ndani yake umo ugonjwa wa kucheza gemu. Tangazo hilo liliwapa wazazi wengi fimbo mpya ya kuwachapia watoto, kwa hiyo ni vizuri tulisome sawasawa.

Ugonjwa huu una alama tatu zinazokwenda pamoja. Kwanza, mtu hawezi tena kujitawala: hawezi kuamua aanze lini, aache lini, acheze kwa muda gani. Pili, gemu inachukua nafasi ya kwanza mbele ya mambo mengine yote, hata yale aliyoyapenda. Tatu, anaendelea au hata kuzidisha ijapokuwa anayaona madhara. Aidha, hali hiyo ni lazima iwe imevuruga maisha yake waziwazi, nyumbani, shuleni au kazini, na kwa kawaida iwe imeonekana kwa muda usiopungua miezi 12, ingawa dalili zikiwa kali daktari hangoji mwaka. Shirika lenyewe linasema wanaopatwa ni sehemu ndogo tu ya wachezaji.

Kwa hiyo kijana aliyekesha siku tatu za likizo ya Desemba kwa sababu amepata gemu mpya si mgonjwa. Anayeizungumzia gemu hiyo mezani hadi dada zake wakamkimbia si mgonjwa pia, ni msumbufu tu. Hesabu ya saa peke yake haitoshi. Mtazame yule aliyeacha mpira, akaacha kwaya, akaacha marafiki wa ploti, akaacha kuoga, ambaye ameshuka darasani muhula hadi muhula, ameahidi kwa dhati mara nne kwamba atapunguza, na mara zote nne akashindwa.

Hata ukimpata huyo, jiulize swali lililotangulia: alikuwa akikimbia nini? Nyumba nyingi za mitaa yetu zimebeba mengi. Baba amepoteza kazi, karo imekwama, kijana amemaliza kidato cha nne na hana pa kwenda asubuhi, au amefiwa na hakuna aliyeketi naye. Ndani ya gemu ana jina, ana kazi, na kila jioni anapiga hatua moja mbele. Huko nje hajapiga hatua tangu mwaka jana. Huzuni kubwa na wasiwasi huonekana mara nyingi pamoja na uchezaji uliokithiri, na ukimnyang'anya mashine bila kuigusa huzuni utakuwa umemvunjia kibanda siku ya mvua. Kuna wazazi waliompeleka mtoto kuombewa, na wengine waliopiga mashine nyundo. Sala haina ubaya. Nyundo imeharibu mashine, kijana akahamia kwenye simu.

Kumtengenezea kipenga

Kama gemu haina kipenga, itabidi nyumba iwe nacho. Kaeni pamoja mchana, si saa tisa usiku, mkubaliane saa ya kufunga. Kwa siku za shule iwe ni nusu saa au zaidi kabla ya kulala, ili moyo utulie. Kengele ya simu ilie dakika 30 kabla ya saa hiyo, nayo maana yake ni moja: tafuta pa kuseivu, usianze kazi mpya. Ikilia ya pili, mashine inazimwa. Mzazi naye atimize sehemu yake kwa kutochomoa waya kabla ya kengele ya pili. Utashangaa jinsi heshima hiyo ndogo inavyopunguza kelele.

Nawe kijana unayeisoma kurasa hii kisirisiri, weka daftari karibu na runinga. Kabla ya kuzima andika mistari miwili: uko wapi, na kesho utafanya nini. "Niko mjini. Kesho niende pangoni na barua." Mwaka wa 2018 watafiti huko Marekani waliwachunguza vijana 57 wakilala, na wale walioandika kabla ya kulala orodha ya kazi zinazowangoja walipata usingizi haraka kuliko walioandika kazi walizokwisha kumaliza. Ile kazi isiyokwisha inayokuita kitandani hunyamaza ikishawekwa kwenye karatasi.

Katika nyumba ya chumba kimoja, ambako runinga na kitanda hutazamana, ondoa padi na umpe mama alale nayo. Simu pia ilale kwa mama. Kwa watoto wadogo, angalia nambari ya umri kwenye jalada. The Witcher 3, kwa mfano, imewekewa miaka 18 huko Ulaya. Diski za kunakiliwa zinazouzwa mitaani mara nyingi hazina jalada hilo, kwa hiyo keti naye nusu saa uone mwenyewe.

Na ukiketi, muulize. Huyu ni nani? Kwa nini umemwacha yule afe? Mzazi anayejua jina la shujaa wa mwanawe huambiwa mengine pia, na huenda ndipo utakaposikia yale ya shuleni ambayo hukuyajua.

Ukiona zile alama tatu, au kijana akianza kusema kwamba maisha hayana maana, usingoje muhula uishe. Akizungumzia kujidhuru, mpeleke siku hiyohiyo wala usimwache peke yake. Anza na kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iliyoko huku huku Eastlands, na ukihitaji daktari wa akili, Hospitali ya Mathari ina huduma hiyo na wanaokwenda huko si wendawazimu kama mitaa inavyopenda kusema. Watoto na wazazi wanaweza kupiga simu nambari 116 ya Childline Kenya bila malipo. Utakapokwenda, beba karatasi uliyoandika kwa juma mbili: alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, alikula nini, alikosa shule siku zipi. Daktari atakuuliza hayo kabla ya kuuliza habari za gemu. Mwache kijana naye aandike yake kando, kisha mumpe daktari zote mbili.